Win Alikwenda India Kusomea Muziki, na Alimaliza

Jamani, ulimi wangu unagoma kusema "marehemu Winfrida". Tangu Jumanne najaribu, unagoma.

Kwa ambao hamkumjua: Win alikuwa rafiki yangu tangu sekondari hapa Songea. Mimi binti wa Kiyao kutoka Namasakata, yeye Mngoni wa Bombambili, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia.

Alizaliwa na selimundu. Ule ugonjwa wa damu unaokuvunja mifupa kwa maumivu, unakulaza wodini, unaondoka, halafu unarudi tena.

Ndiyo maana alipoanza kuaga kwamba anakwenda India, watu walimhurumia. "Pole mwanangu, wale madaktari ni hodari, watakutibu."

"Siendi kutibiwa, mama. Nakwenda kusoma digrii ya muziki."

Hapo sasa ndipo walipompa pole ya kweli 😂

Baba yake, Mzee Otmar, ni fundi seremala. Alikataa waziwazi. "Muziki? Na hali yako hiyo? Si unaimba hapa hapa kwaya?"

Win alimjibu kwa adabu, lakini alimjibu. "Baba, wewe ulikaa kwa fundi miaka na miaka ndipo ukaanza kuuza viti. Na mimi nataka fundi wangu."

Mzee akashika randa, akaendelea na kazi. Ufadhili wa masomo ulipotoka, alimpeleka stendi mwenyewe.

Mimi nilipata nafasi ya famasia mji huohuo. Tukakaa chumba kimoja cha hosteli.

Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkali balaa, wanafunzi wote walimwita Guruji, yaani mwalimu mheshimiwa. Wiki za mwanzo alimpa Win sauti moja tu aimbe, "sa", ndiyo kama "do" yetu. Asubuhi sa, jioni sa.

Akarudi chumbani amefura. "Saada, eti sijui kuimba sa! Mimi! Niliyeimba solo mkesha wa Pasaka!" Tukacheka mpaka tukalia.

Kesho yake kabla ya chai alikuwa ameshaamka, anaimba sa. Jirani akagonga ukuta. Win akapunguza sauti. Hakuacha.

Masomo mengi yalikuwa kwa Kihindi. Akaenda jikoni kwa wamama wapishi wa hosteli, akakaa nao akimenya vitunguu na kuuliza jina la kila kitu. Mwaka ulipoisha alikuwa anabishana nao!

Shida ilikuwa kukaa. Muziki ule unaimbwa chini, miguu umekunja, muda mrefu. Na selimundu ilikuwa imeshaila nyonga yake ya kushoto. Nilikuwa namwona anavyoinuka ameshika ukuta, jasho linamtoka.

Mwaka wa pili akalazwa vibaya. Daktari akamshauri arudi nyumbani. Na mimi nikamwambia, "Win, turudi basi. Utaimba Songea."

Akaniangalia. "Nikirudi leo, mimi ni mgonjwa aliyejaribu muziki. Nikimaliza, ni mwalimu wa muziki ambaye huwa anaumwa. Saada, mimi namaliza."

Siku ya mtihani wa mwisho aliomba kiti. Msimamizi, mgeni kutoka chuo kingine, akakataa. Wote wanaimba chini, naye akae chini.

Guruji, ambaye hakuwahi kumsifu Win hata siku moja, akanyanyuka. Akaburuta kiti chake mwenyewe mpaka katikati ya jukwaa. Akasema maneno machache ambayo Win alinitafsiria baadaye: "Nimemfundisha sauti. Sikumfundisha magoti."

Win akakaa kwenye kile kiti, akafumba macho, akaanza kwa sauti ya chini kabisa, polepole, kama mtu anayepanda mlima akijua atafika.

Na mwishoni, aisee, mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, akageuza mdundo. Lizombe! Ngoma yetu ya Kingoni, India! Kumbe Win alimfundisha kimyakimya. Nikapiga kigelegele peke yangu, ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Alifaulu. Alirudi Songea na digrii, fimbo ya kutembelea, na harmonia, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mkono.

Jumamosi baba yake hafanyi kazi, basi akaanzisha darasa kwenye karakana yake. Watoto wa Bombambili waliimba sa mpaka madereva bodaboda wa kijiweni wakaijua.

Jumatatu iliyopita nilitoka shifti hospitalini, nikapitia wodini alikolazwa tena. Alikuwa kwenye oksijeni. Akaniuliza, "Jumamosi darasa lipo?"

"Win, pumzika kwanza."

"Sijakuuliza kama napumzika."

Nikamwambia lipo. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Asubuhi ya Jumanne akatutoka.

Tulimzika Alhamisi. Jana Jumamosi nilikwenda karakana kuwarudisha watoto nyumbani. Nikamkuta Mzee Otmar ameshafagia maranda, amepanga mabenchi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ingia, ukae."

"Baba, nilikuja kuwaambia watoto…"

"Hapana. Win mwenyewe keshawaita."

Regina, mwanakwaya aliyekuwa anamsaidia Win, akafungua harmonia. Sauti ikamkatikia mwanzoni kabisa. Akafuta macho kwa kanga, akaanza sa upya. Watoto wakaingia kuimba naye. Mzee naye, benchi la nyuma, akaingia, nje ya sauti kabisa. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo wazazi, darasa linaendelea. Kila Jumamosi asubuhi, karakana ya Mzee Otmar, Bombambili. Leteni watoto. Mwenye selimundu msimfiche ndani, mleteni. Viti vipo.

Win, dada yangu, ulikwenda, ulimaliza, ulirudi, ulitufundisha. Mungu akupokee mahali pasipo maumivu. Usiwe na wasiwasi na watoto, tunao sisi.

Lala sasa, mwalimu. Lala bila kuumia.