Maharage ya Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi. Kwa hiyo nikisema niliwahi kumsomea mtu wa chuo, wajukuu wangu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Wacheke tu.

Nilikuwa mpishi kwenye chuo cha ualimu, upande wa Njiro, wakati zile nyumba za ukuta mrefu ndiyo zinaanza kuota. Enzi za ruksa hizo. Kila kitu kiliingia: sabuni za kunukia, makoti ya mitumba (langu lilikuwa jekundu, la kiume nadhani, maana vifungo vilikaa upande mwingine, nimelivaa mpaka mwanangu akalificha), na redio kaseti. Hiyo redio ndiyo niliyotaka kuisema. Niliinunua mjini kwa Mhindi, niwe nasikiliza kwaya huku nachagua maharage.

Basi, kulikuwa na mwanachuo mmoja, binti wa Kichaga, mrefu, mcheshi, anapenda kuja jikoni kunisaidia kumenya ndizi. Siku moja akaja macho mekundu. Amefeli mtihani wa malezi. Amepewa nafasi moja ya kurudia. Akifeli tena, anafungasha anarudi kwao.

"Si usome, mwanangu?"

"Nasoma, mama. Herufi hazitulii. Nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau mwanzo. Mkufunzi anasema mimi mvivu."

Mvivu! Mtu anamenya mkungu mzima huku anapiga hadithi! Na kichwa alikuwa nacho. Taarifa ya habari ikisomwa asubuhi, mchana anakurudishia yote, mpaka kikohozi cha msomaji. Nikamwambia, lete hilo daftari.

Wenzake walishajaribu kumsomea, lakini walikuwa wanakimbia. Mimi wa kukimbia na nini? Niliweka kidole chini ya neno, nikaenda silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Yeye akafumba macho.

"Hivyo hivyo, mama. Usiongeze mwendo."

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuusifia usomaji wangu.

Habari ya kunasa kwenye kanda ilikuwa akili yake, ili asikilize nisipokuwepo. Kanda tupu sikuwa nayo, tukafuta ile ya kwaya ya usharika wetu. Mungu anisamehe, humo nilikuwa naimba sauti ya pili mimi mwenyewe. Tukanasa daftari zima hapo hapo jikoni, sufuria zinagongana, mimi na kidole changu.

Wiki moja kabla ya mtihani, mkufunzi wake, baba mmoja mkavu asiyejua kucheka, akamsimamisha darasani: mtoto hujifunza kwa njia zipi? Binti akafumba macho, akaanza kutiririka.

"Mtoto hujifunza kwa kuona, kwa kusikia, kwa kutenda, jamani maharage yanaungua, na kwa kuiga wakubwa."

Naambiwa darasa lilianguka chini. Mkufunzi hakucheka. Alikuja moja kwa moja jikoni, nikamwona amesimama mlangoni na daftari la binti mkononi, mwiko ukanitoka.

"Mama, nani aliunguza maharage ukurasa wa kumi na mbili?"

Nikajua kazi imeisha. Nikamwashia redio. Akavuta kigoda, akasikiliza upande mzima, chai vikombe viwili.

"Yote haya ameyashika kwa masikio?"

"Yote, mwalimu. Tatizo ni kusoma. Kichwa ni kizima."

Akaweka kikombe chini. Halafu akasema, "Na mimi nimemwita mvivu mbele za watu."

Ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa chuo kuomba binti asomewe maswali, ajibu kwa mdomo. Mkuu akakubali. Siku yenyewe mkufunzi akaanza kusoma, binti akamwambia kwa adabu kwamba anakwenda mbio. Nikaitwa mimi. Nikaingia na aproni inanuka vitunguu. Nikikosea neno, si namrudisha mtoto wa watu kwao?

Swali la tatu lilikuwa na neno refu, "ushirikishwaji". Nikakwama mara ya kwanza, nikakwama mara ya pili. Mkufunzi akanyoosha mkono aichukue karatasi.

"Mwache mama," binti akasema, macho amefumba. "Atafika."

Nikafika. Naye akajibu, hilo na mengine yote, safari hii bila maharage.

Majibu yalipotoka alikuja mbio kuniambia amefaulu, akanikumbatia, tukazunguka jikoni kama vichaa. Maharage yakaungua kweli. Wanachuo wakayala hivyo hivyo. Labda walilalamika; mimi sikusikia.