Madaftari Matatu ya Harub

Jumatano, tarehe 8 Januari 2003. Mawingu tangu alfajiri, na manyunyu juu ya majabali ya Matrah, Omani. Siku hiyo Harub alihamia nyumba mpya Mabela, na alipofungua masanduku hakuyaona madaftari yake matatu.

Alikuwa karani mstaafu, mtu wa maneno machache. Alipokuwa skuli ya sekondari Unguja, mwalimu aliwasimulia vita vya Troya, akawaambia kuwa utenzi mmoja wa Kiyunani ulioeleza mji ulivyoanguka umepotea. Umebaki muhtasari tu. Ukubwani Harub akaanza kuutunga upya kwa Kiswahili. Alitunga miaka kumi na tisa, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa na babu yake, kila ukurasa ukianza na Bismillahi. Hakumsomea mtu. Sahibu yake Musallam alipomwomba, alijibu, "Bado sijautia nakshi."

"Mama Hamood, madaftari yangu meusi yako wapi?"

Rahila, mkewe, alikuwa akipanga vikombe. "Yale yaliyoliwa na mchwa? Nimeyachoma jana, jivu nikalifukia pasipokanyagwa. Niache jina la Mungu litupwe jaani?"

"Hukusoma ndani?"

"Kwa macho yepi? Nimeona Bismillahi, nikajua nyiradi zako. Kila baada ya magharibi wajifungia, wanong'ona na kuhesabu vidole. Mtu afikiri nini?"

Harub akakaa juu ya sanduku. Vidole vile vilikuwa vikihesabu mizani ya beti.

"Ulikuwa utenzi."

"Utenzi! Miaka yote hiyo nna masikio mawili, hukunambia?"

Harub hakumkasirikia, hata yeye angalifanya vivyo hivyo. Kilichomuuma ni jioni zote zile, mlango umefungwa, na mkewe upande wa pili akipunguza sauti ya televisheni asimkatize ibada.

Asubuhi yake alichemsha chai mwenyewe, akamwita Rahila akae, akamsomea ubeti pekee aliokumbuka bila ya kusita:

Farasi yule wa mbao
wavuta kwa kamba zao
tumboni adui wao
usiku ukaingia.

Rahila akakiweka kikombe chini. "Na wanawake wa mji huo, walisema nini?"

Katika madaftari yote matatu, Harub hakuwa amewapa hata ubeti mmoja. Akavuta karatasi.

"Wewe ungelisema nini?" akamuuliza, na Rahila alipoanza kujibu, akaandika.