Shemeji Alivyoyakuta Matanga Yake

Asubuhi ya siku ambayo shemeji yangu Saud alikuta watu wanamlilia, na yeye mwenyewe kasimama mlangoni na samaki mkononi, mie nlikuwa nakuna nazi.

Nakuna tu. Sina habari.

Naiandika hadithi hii kwa sababu kuisema siwezi. Mie mtu wa haya. Chuoni tunakosoma Kurani, mwalimu akiniita, "Shemsa," ile "Naam" yangu inaishia tumboni. Wako watu wanadhani mie bubu. Lakini nikishika kalamu nasema mpaka wino unanikimbia. Mama kalala, kandili ina mafuta kidogo, basi nisikilizeni.

Dada yangu Ruqaya kaolewa karibuni. Kapata nyumba Mlandege, vyumba viwili na ua, kuta zimepakwa chokaa mpaka zinaumiza macho.

Nyumba yake mwenyewe. Hakai kwa mkwe.

Na hapo kwenye mkwe ndipo penye kazi.

Mama yake Saud, Bi Jokha, anakaa Bububu. Tangu siku ya arusi alitaka mkaza mwana wake akakae naye. Saud akamwomba, akambembeleza, akamshika miguu. Mwisho Bi Jokha akasema:

"Haya, kaeni huko mjini. Lakini Ijumaa nakuja kuitazama hiyo nyumba. Nikikuta haina mpango, namchukua mkaza mwana wangu nnakwenda naye Bububu, akafundishwe."

Akafundishwe.

Mke wa kaka yake Saud naye alichukuliwa akafundishwe. Mpaka leo anafundishwa. Ana wajukuu.

Basi dada kila akilikumbuka neno hilo anashika ufagio.

Vitu vya nyumba alikuwa navyo, hilo nisimsingizie baba. Kitanda cha samadari, kioo kikubwa cha Bombay, sahani za maua za kutundika ukutani, mito, majamvi. Tabu yake hajui kipi kinakaa wapi.

Atajulia wapi? Tangu avunje ungo alikuwa mwari, kafungiwa ndani. Mwari hatoki. Arusini haendi, msibani haendi, kwa jirani haendi. Nyumba aliyoiona kwa ndani ni moja, yetu. Na kwetu sahani zinakaa chini ya kitanda, kwa sababu ya paka.

Akajaribu mwenyewe.

Sahani akazitundika kwa ukambaa, juu ya pale anapokaa Saud kula. Jioni ile ile moja ikashuka, ikatua kichwani kwa mwenye nyumba.

Saud akajifuta wali uliomjaa ndevuni. "Ruqaya," akasema pole pole, "hii imekuja yenyewe au umeituma?"

Kioo akakielekeza mlangoni. Siku ya pili rafiki yake Saud, anaitwa Majid, haoni vizuri, kaja kupiga hodi. Mlango wazi. Kamwona bwana mmoja kasimama ndani, kamtolea salamu. Yule bwana hakuitikia. Majid akageuka kwa hasira, akakutana na Saud njiani.

"Nyumbani kwako kuna mtu ana kiburi," akamwambia. "Tena sura mbaya."

Alhamisi ikafika, nyumba bado kama duka lililohamishwa na mvua.

"Shemsa," dada akaniita, "nenda Kiponda kwa Bi Shariffa."

Bi Shariffa mji mzima unamjua. Akitundika pazia la buluu, mwezi ule hupati kitambaa cha buluu Darajani. Akihamisha mto, watu wanahamisha vitanda.

"Mpelekee mikate hii ya kumimina. Mwambie dada anakusalimu. Ukishaingia, fungua macho."

"Nimuulize nini?"

"Usiulize. We unajua huwezi kuuliza. Tazama tu, uje unambie."

Nikenda. Mlango wa Bi Shariffa, ule wa misumari, siku zote unafungwa. Siku hiyo uko wazi kabisa, watu wanapanda na kushuka. Nikapanda na sinia langu. Mama mmoja mnene akanipokea kama aliyekuwa ananingojea.

"Mungu awalipe," akasema, akachukua mikate. "Ingia mwanangu, kaa."

Nikaingia. Nyie, sijapata kuona.

Kioo kikubwa kimegeuzwa, uso ukutani. Kile kidogo kimefunikwa shuka nyeupe. Ukutani hamna sahani hata moja, zote ziko chini karibu na mlango, zimepangwa moja juu ya moja. Kitanda kimefunguliwa, mbao zake zimeegeshwa pembeni. Viti hakuna. Chini majamvi matupu, ukuta kwa ukuta. Katikati chetezo kinatoa moshi wa ubani, na juzuu za Kurani zimewekwa juu ya kitambaa.

Bi Shariffa mwenyewe kakaa chini, kaegemea ukuta. Kavaa kanga nyeupe, hana herini, hana bangili. Macho mekundu.

Kachoka maskini, nikasema moyoni. Kupanga nyumba namna hii si kazi ndogo.

Nikarudi mbio.

"Kioo kimegeuzwa?" dada akauliza.

"Uso ukutani."

"Sasa anajitazama vipi?"

"Hajitazami."

Dada akakitazama kioo chake. "Unaona," akasema, "hiyo ndiyo tafauti ya watu wakubwa. Wao wanajijua walivyo. Na sahani?"

"Chini."

"Chini," akasema, akamtazama kichwani Saud, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Nlijua mie. Ukuta si pahala pa sahani."

Basi Ijumaa, Saud alipotoka alfajiri kwenda soko la samaki Malindi, hapa hapa mjini, tukashika kazi. Kioo tukakigeuza. Samadari tukaifungua, tukaegesha mbao pembeni. Sahani tukazirundika karibu na mlango. Majamvi yetu hayakutosha, nikatumwa kwa jirani, Bi Mwatima, kuazima. Kama kawaida sikusema kitu. Nikaonesha majamvi kwa kidole.

Bi Mwatima akanitazama vibaya. "Kuna nini kwenu?"

Nikainama. Yeye akanipa majamvi yote aliyonayo, na akaniongezea birika.

Dada akavua herini na bangili, akavaa kanga nyeupe. Akatia ubani, akaweka juzuu juu ya kitambaa. Halafu mie nikakaa na mbuzi, nakuna nazi ya wali, na yeye akakaa uani anamenya vitunguu, vile vidogo vikali vinavyoliza mpaka jiko.

Nilikuwa sijamaliza nusu ya nazi, hodi ikapigwa.

Bi Jokha. Kateremka kwenye gari la moshi la Bububu, masizi mpaka kwenye nyusi, kashika bakora.

"Shikamoo," nikasema. Hiyo inatoka, hiyo nimefundishwa tangu mdogo.

"Marahaba. Saud yuko wapi?"

Nlitaka kusema yuko sokoni, wallahi nlitaka. Hii haikutoka. Nikatazama chini, na nikitazama chini kwa haya machozi hunitoka, ndivyo nilivyoumbwa.

"Nakuuliza, Saud yuko wapi?"

Chozi la pili.

Bi Jokha akatazama juu ya kichwa changu. Akaona kioo. Akaona mbao za kitanda. Akaona majamvi ukuta kwa ukuta, juzuu, na moshi wa ubani. Kisha dada akatokea uani, kanga nyeupe, masikio matupu, macho yamevimba kwa vitunguu.

Bi Jokha akaangusha bakora.

"Mwanangu," akasema. Akakaa chini pale pale, akaanza kulia, "Saud wangu, Saud wangu mie."

Dada akaganda. Na hapa msituone wajinga. Mama wa mtu katoka kwake, kaja analia jina la mwanawe. Si ina maana kaja na habari?

"Saud kafanya nini, Mama?" dada akauliza.

"Maskini," Bi Jokha akalia, "hata akili zimempotea. Mjane mdogo namna hii."

Dada kusikia "mjane" akaanguka juu yake, akalia kuliko yeye. Mie nikalia na kifuu changu mkononi.

Bi Mwatima ndiye aliyefika wa kwanza, kajitanda kanga tayari. Nyuma yake Mlandege yote. Hapana aliyeuliza. Wanawake wakaingia, wakakaa, na nafasi ilikuwepo maana tulishatandika. Sahani zilikuwa karibu na mlango, zikaanza kutumika. Nje wanaume wakajaa barazani, na Majid kasimama kati yao anajifuta pua.

Bi Jokha akawa hashikiki.

"Saud wangu aliyekuwa akiogopa kuku," analia, "mpaka ana ndevu anaogopa kuku."

"Innalillahi," wanawake wakasema.

"Saud wangu, halali mpaka nimshike sikio."

"Subiri, Bi Jokha, subiri."

"Na huyu mtoto wa watu," akamkumbatia dada, "nlitaka kumchukua Bububu. Nyumba ilikuwa kisingizio tu, nlikuwa na wivu. Shuhudieni nyote. Wallahi Saud angekuwa hai, wangekaa humu humu, nami nisingetia mguu mpaka niitwe."

"Tumeshuhudia," Bi Mwatima akasema, anapangusa macho.

Huko nje Saud ndiyo anafika, changu wawili mkononi. Kuona watu wamejaa kwake, roho ikamruka. Majid akamkumbatia bila kumtazama.

"Pole, ndugu yangu. Sote njia yetu moja."

"Kafa nani, Majid?"

"Wanasema Saud," Majid akasema. Kisha akamsogelea uso, akamtazama vizuri. Akamwachia. Akakaa chini.

Saud akaingia ndani, akamkuta mama yake kayarudia ya kuku. Kilio kikakatika kama kamba.

Wanawake wanamtazama. Samaki wanadondosha maji.

"Mama," Saud akasema, "ile habari ya kuku umewahadithia watu wote hawa?"

Hapo kila mtu akatafuta mlango wake. Bi Mwatima alipita dirishani, na dirisha letu si kubwa. Akarudi baadaye kufuata makubadhi.

Bi Jokha akamrukia mwanawe, akamshika masikio yote mawili, akalia upya, akamnyang'anya changu mmoja akampiga nao. Dada kamng'ang'ania mguu. Walipotulia, Bi Jokha akageuka, akaitazama nyumba.

"Nani kaipanga hivi?"

"Ndivyo alivyopanga Bi Shariffa wa Kiponda, Mama," dada akasema kwa sauti ndogo. "Shemsa kaiona jana kwa macho yake."

"Bi Shariffa," Bi Mwatima akasema, anavaa makubadhi, "jana alikuwa katandika matanga. Kafiwa na ami yake Pemba."

Wote wakanigeukia mie.

Mikate yangu, nikakumbuka. Mungu awalipe.

Uso wa Bi Jokha ukaanza kubadilika. Mdomo ukafunguka, na mie nikaliona lile neno linakuja. Akafund...

"Bi Jokha," Bi Mwatima akasema, "wallahi yako."

"Tuliisikia," wakasema waliokuwa mlangoni. Kumbe hawakwenda mbali.

Bi Jokha akaufunga mdomo. Akakaa kwenye jamvi, akavuta sinia la wali lililoletwa na majirani.

"Basi leteni mchuzi," akasema. "Ndiyo kwanza nimefiwa, nna njaa."

Jioni akarudi Bububu peke yake.

Dada yuko kwake Mlandege. Kioo tumekirudisha, uso nje. Lakini Saud kakataa sahani kurudi ukutani. Kasema kufa mara moja kunamtosha.

Funzo langu ni hili. Nyumba ya mtu usiiige mpaka umwulize mwenyewe imekuwaje. Na kama una haya kama mie, usiulize kwa mdomo, andika.

Ndivyo nlivyofanya. Leo mchana nimempa Bi Mwatima karatasi ampelekee Bi Shariffa. Nimeandika: "Shikamoo Bi Shariffa. Mie ni yule mtoto wa mikate. Matanga yakisha, sahani utazirudisha vipi? Kubwa zinakaa juu au chini?"

Hajajibu.

Na sasa hivi, kandili inazimika, ndiyo nakumbuka sikumpa pole.