Injili Tuliyomletea Tata Sikioni

Wewe uliyekulia Kapata, mtaa wetu wa mgodini, enzi za Zaïre, usinidanganye kwamba umesahau harufu ya Jumapili. Sabuni ya kipande, vaselini kwenye magoti, na shati la shule lililopigwa pasi ya makaa, maana shati lingine la kuendea misa lilikuwa wapi? Nyumba za Kampuni zilisimama mistari kwa mistari, zote sura moja, na kila mlango ulitoa watoto wanaong'aa kama sahani. Tulikwenda kwa miguu, tena tulisikiliza. Msicheke! Tulisikiliza kweli, kwa sababu tukirudi nyumbani kuna mtu angetuuliza.

Mtu huyo alikuwa Tata, baba yetu. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na Tata akairithi kazi ile kama wengine wanavyorithi shamba. Walimweka kwenye konkaseri, ile mashine ya kuponda mawe, na kelele zake zikamla masikio polepole. La kushoto lilikufa mimi sijazaliwa. La kulia lilibaki kidogo tu, nalo lilisikia kama umelisemea kwa karibu. Kanisani alikaa mstari wa mbele, macho kwenye midomo ya padri, lakini hakuambulia kitu. Kusoma hakujua, na Mama vilevile. Basi sisi watoto ndio tulikuwa Biblia yake.

Tukifika nyumbani alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akainamisha kichwa upande, akauliza: "Batoto, munaniletea nini leo?"

Tulikuwa na zamu, na hapo bukari, ugali wetu, hailetwi mezani mpaka Injili imefika sikioni. Unasogea, anakushika bega, unabandika mdomo kwenye sikio lake. Ee Mungu wangu, sikio lile! Lilikuwa la moto, na shingo yake ilinukia tumbaku na vumbi la mawe ambalo sabuni yoyote haikuliweza. Kwa muda ule mdogo Tata alikuwa wako peke yako, wala ndugu zako hawakuwemo. Tuligombania zamu kuliko tulivyogombania nyama.

Na Injili yenyewe tuliileta jinsi tulivyoielewa. Majilio yalikuja na mvua, wakati inswa, wale kumbikumbi, wanaruka kuzunguka taa na sisi tunawaokota kwa mabeseni, tuwakaange. Kaka yangu Kazadi akamwambia Tata kwamba Yohana kule jangwani alikula inswa na asali. Mwanamke Msamaria tulimpanga foleni kwenye robine, bomba la maji la avenyu yetu, na ndoo kichwani. Samaki wawili wa yule kijana mwenye mikate mitano tuliwavua ziwani Nzilo, maana samaki mzuri angetoka wapi tena? Mama alishika kiuno: "Nyie mutamupotezea tata yenu mbingu!" Lakini Tata hakutusahihisha hata mara moja. Alitikisa kichwa taratibu, akasema "Eeh! Inswa!", kama mtu aliyeletewa habari za kijijini kwao.

Hata mwaka ule serikali ilipoiondoa Noeli kwenye sikukuu, na Tata akaenda kazini siku hiyo kama siku yoyote, hatukula. Mtoto Yesu alingoja kwenye hori lake mpaka sirene, king'ora cha mgodi, ilipomrudisha Tata jioni, na sisi tukangoja naye, matumbo yakinguruma.

Kilichonitesa ni kwamba sikio lile lilikuwa linakwisha. Nililiona. Kila Kwaresima ilitubidi tuseme kwa nguvu zaidi ya Kwaresima iliyopita. Tata akaanza kucheka mahali pasipo kichekesho, akaanza kutazama midomo yetu. Usiku niliomba: Bwana, lichukue lote kama unataka, ila mwachie Jumapili.

Pasaka moja zamu ilikuwa yangu. Padri alikuwa amesoma habari za Maria Magdalena aliyekwenda kaburini kungali giza, kisha wale wanafunzi wawili waliokimbizana, kijana akamwacha mzee. Niliibeba njia nzima, nikirudiarudia, hata salamu sikuitikia. Nikabandika mdomo, nikaanza.

"Sema nguvu, mama," Tata akaniambia. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama.

Nikapaza sauti. "Nguvu, mama!" Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani kuona nani anapigwa. Tata akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu.

"Basi, mama. Mi siko nasikia tena."

Mama akasimama na mwiko mkononi. Mimi nikalia. Nililia kwa hasira, nikaona Pasaka yote imekwisha hapo, Yesu amefufuka lakini Tata hataambiwa.

Akatuangalia mmoja mmoja. "Mukale chini," akasema, nasi tukakaa. "Leo mi njo nitabaletea."

Akaanza: "Maria alilamuka mbele ya sirene ya kwanza. Giza ingali, mu njia iko paka ye moja." Tukatazamana. Maria peke yake njiani, kabla ya sirene! Hayo yalikuwa maneno ya Kazadi, Pasaka ya zamani, na sisi wenyewe tulikuwa tumeyasahau. Alikuwa ameyatunza yote, pamoja na makosa yetu. Alipofika kwa wanafunzi wanaokimbia alisimama kutoka kitini, akakimbia palepale aliposimama, na tumbo lake lile kubwa, tukacheka huku tunalia, na bukari ikapoa.

Toka siku hiyo tulimwonyesha kwa mikono Injili ya siku, naye akatusimulia. Pentekoste Kazadi alipopepesa vidole juu ya kichwa kuonyesha ndimi za moto, Tata akamwita Mama aje na wembe, mtoto ana chawa!

Tulifurahi, sitasema uongo. Lakini mimi nilikuwa nimepoteza kitu. Injili ilibaki kwetu, sikio ndilo lililokwenda. Hapakuwa tena na sababu ya kunusa ile shingo, na msichana mkubwa haendi tu kumwegemea tata yake bila sababu. Nilimkosa Tata angali hai, amekaa mbele yangu.

Leo niko Kasulo kwa binti yangu, ambako watu wamechimba mashimo ya madini hadi chini ya vitanda vyao. Vijana wa siku hizi wameziba masikio wenyewe kwa vile vitu vya simu, bure, wala hakuna mashine iliyowalazimisha! Jumapili iliyopita sikwenda misa, magoti yalikataa. Mjukuu wangu wa kike aliporudi nikainamisha kichwa, nikamwuliza ameniletea nini. Akafungua simu, akanisomea Injili akiwa kule mlangoni, neno kwa neno, bila kosa hata moja.

"Sogea hapa, mama," nikamwambia.

"Kaku, si uko nasikia?" akaniuliza mimi bibi yake.

Ndiyo, nasikia. Masikio yangu ni mazima kabisa, na ndiyo maana hakuna anayenisogelea.