Asilimia Ishirini ya Marehemu

Chuo chetu kinampima mtu kwa fomu. Ukitaka kupandishwa cheo, au mkataba wako usikatwe, unaorodhesha makala zako zote, unaandika kila moja imenukuliwa na wengine mara ngapi, umeshirikiana na watu wa nchi gani. Ukurasa wa mwisho ni wa mchango: kila mwandishi wa makala anataja alifanya asilimia ngapi ya kazi, anatia sahihi. Jumla lazima iwe mia, la sivyo fomu inarudishwa. Ukurasa huo mmoja ndio ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani, na nilichokiona sikukipenda.

Nilikuwa nafundisha kwa mkataba wa miaka miwili miwili. Mimi ni Mkongo wa mashariki. Nililetwa Kampala nikiwa mtoto wa mgongoni, nikasoma hapa hapa, nikazaa hapa hapa, lakini kila mkataba ulipokaribia kwisha nilianza kutembea kwenye korido kama mgeni aliyekaa mno kwa watu. Katika idara nzima nilikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye Kiswahili bila kuona aibu. Alikuwa Mnubi, kitukuu cha askari walioletwa kutoka Sudan enzi za mkoloni, mtoto wa dereva wa lori, amenizidi miaka kumi na ushee. Wenzetu pale Kiswahili wanakijua kama lugha ya polisi. Ukikisema wanageuka kutazama nani anakamatwa. Sisi tulikisema kwa makusudi, tena kwa sauti. Nilimwita kaka, yeye aliniita mdogo wangu, na akitaka kuniudhi aliniita Madamu Kinshasa, mimi ambaye Kinshasa naisikia redioni tu.

Kazi yake ilikuwa maji ya chemchemi. Kampala watu wengi bado wanachota mabondeni, na juu ya bonde kuna nyumba, na kila nyumba ina choo cha shimo. Alitaka kujua maji yanachafuka lini hasa, mvua ikianza kunyesha au siku kadhaa baadaye. Swali lilikuwa lake. Kwa misimu minne ya mvua alizunguka Lubaga, Mengo na Kyebando kabla jua halijatoka, na ndoo ya barafu na chupa zake alizozichemsha mwenyewe. Anarudi maabara na matope hadi magotini, anakaa kuhesabu vijidudu kwenye visahani, kimoja kimoja, hadi macho yanatoa machozi. Mimi nilimsaidia kuhesabu, nikachora michoro, kisha nikaandika makala kwa sababu Kiingereza kilikuwa kinamtia hasira.

Makala ilipokuwa tayari akaweka jina langu mbele ya lake. Nikamgombeza.

“Mimi nina kazi ya kudumu,” akasema. “Wewe bado wanakutazama kama mtu aliyeingia harusini bila kadi. Chukua.”

Nikachukua. Baada yangu yeye, na baada yake Wazungu wawili waliotuazima mashine ya kupimia. Chemchemi wao waliiona kwenye picha tulizowatumia.

Ile makala ilinukuliwa kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka idarani kwetu. Kaka alifuatilia kila asubuhi kabla ya chai, kama mtu wa mpira anayetafuta matokeo. “Mdogo wangu, Brazili wametunukuu.” Siku nyingine akaja ananuna: Wachina wametunukuu, ila wametukosoa.

“Na kukosolewa nako kunahesabiwa?”

“Kunahesabiwa. Kompyuta haijui matusi.”

Alianguka pale pale maabara, presha, na hospitalini hakumaliza siku mbili. Nililia mpaka nikaugua. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amewasilisha faili lake la kuomba uprofesa. Kwa utaratibu wa chuo, faili lililokwisha kuwasilishwa linasikilizwa hata kama mwenyewe amefariki, na akifaulu anatunukiwa cheo hivyo hivyo, akiwa kaburini.

Mke waliachana zamani, watoto hakuwa nao. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, Hajati, mwenye duka la spea za pikipiki Kyebando. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Hajati alikitaka cheo kile kwa roho yake yote. Kwao walitoka askari, wakatoka madereva, wakatoka makanika, profesa hajatoka. Akaahirisha hitima kubwa ya ukoo. Alisema atawaita watu siku barua ikifika, isomwe mbele yao.

Muda ule ule mkataba wangu ukawa unakwisha. Mkuu wa idara, mtu asiyependa maneno mengi, aliniambia nisipokuwa mchangiaji mkuu wa angalau makala moja kubwa, basi, nitafute pengine. Mchangiaji mkuu ni kuanzia asilimia arobaini. Nikawaandikia wale wawili wa ng'ambo. Wakajibu kabla ya saa ya chakula, kila mmoja amejipa ishirini. Ishirini kwa kuazima mashine. Nikawatukana peke yangu ofisini, kwa lugha zote ninazozijua. Zikabaki sitini za kugawana na maiti.

Kwa haki, hamsini zilikuwa zake na kumi zangu. Katibu wa kamati, mama mmoja aliyenipenda, alinieleza jinsi mambo yatakavyokwenda: faili lako na la marehemu yanasikilizwa siku moja, fomu ni hiyo moja kwa wote wawili, na mwenye chini ya thelathini anapata nusu pointi tu kwa makala. Nilijua, basi. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikijidanganya kwamba sikujua.

Nikajiandikia arobaini, yeye nikamwachia ishirini. Nilijiambia yeye amekufa, mimi nina watoto wawili. Nilijiambia pia kwamba angekuwa hai angenipa mwenyewe. Hilo la pili lilinitia aibu zaidi, maana lilikuwa kweli, na alikuwa ameshanipa mara moja.

Mwandishi akiwa amefariki, ndugu wa karibu anatia sahihi badala yake. Nikachukua boda hadi dukani kwa Hajati. Alikuwa anampimia kijana wa boda cheni. Alipomaliza akafuta grisi mikononi, akanimiminia chai ya tangawizi. Hajati anasoma Kiarabu na Kiswahili, Kiingereza hapana. Nikamfasiria.

“Hapa wanauliza marehemu alifanya sehemu gani ya kazi ile ya maji. Pameandikwa ishirini kwa mia.”

Akavaa miwani, akaitazama namba. “Ishirini? Na zile alfajiri zote?”

“Tulikuwa wengi, Hajati.”

“Wangapi?”

“Wanne.”

Nilimwona anagawa kichwani. Mtu wa duka huyo. “Wanne, hata kwa sawasawa si inakuwa ishirini na tano?”

Nikamwambia kazi za sayansi hazigawanywi hivyo. Mdomo huu, jamani.

“Sawa, mwanangu,” akasema. “Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi najua spea.” Akatia sahihi polepole, akaniuliza kama karatasi hiyo itaisaidia barua ya marehemu kufika.

“Lazima iwepo,” nikasema. Huo haukuwa uongo, na njia nzima ya kurudi nilijipongeza kwa hilo.

Kamati ikakaa. Mimi nikapata kazi ya kudumu. Wiki mbili baadaye Hajati akanipigia: barua imefika, njoo unisomee. Nikamsomea pale pale kaunta. Walimsifu kwanza, kama wafanyavyo, kisha wakasema marehemu hakufikia kiwango, amepungukiwa nusu pointi.

“Nusu pointi ni kitu gani?”

“Ni kipande tu cha makala, Hajati.”

“Kipande,” akasema. Akaikunja barua, akaitia chini kabisa kwenye droo. Baadaye akasema hitima itasomwa Jumapili vilevile, watu wamengoja vya kutosha.

Walijaa. Ndugu wa ukoo, madereva, waendesha boda waliokuwa wanampeleka bondeni alfajiri, na wanawake wa chemchemi ya Kyebando. Mmoja wao alinishika mkono akaniambia marehemu ndiye aliyemfundisha kuchemsha maji siku tatu baada ya kila mvua kubwa, na tangu siku hizo watoto wake hawaharishi. Dua ilipokwisha, Hajati akaomba nami niseme neno, mtu wa chuo.

Nilikusudia kusema sentensi mbili nikae. Lakini yule mama wa chemchemi alikuwa ananitazama. Nikasema yote. Nikasema swali lilikuwa lake, chupa zake, matope yake. Kwamba ile makala wanayoisoma Wabrazili na Wachina ni kazi yake, mimi niliiandika tu kwa Kiingereza, na hata jina langu kuwa mbele ni yeye aliyenipa kwa huruma. Nililia mbele za watu. Wazee wakaitikia, wakamwombea. Nilikaa chini nikiwa mwepesi, nikajiona mtu mwema, na mkataba wangu wa kudumu uko kabatini.

Nilipokuwa natafuta viatu mlangoni Hajati akanifuata na mfuko wa pilau wa watoto wangu. Aliongea chini chini ili wageni wasisikie.

“Umesema kazi ilikuwa yake.”

“Ndiyo, Hajati.”

“Yote?”

“Karibu yote.”

“Na siku ile dukani umenisomea ishirini.”

Nikainama kuvaa kiatu. Akangoja, kama anavyomngojea mteja anayetafuta hela mfukoni.

“Hiyo nusu pointi aliyokosa,” akasema, “imetokana na karatasi ile?”

Nikasema ndiyo.

Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. “Basi mwenye sahihi ni mimi,” akasema. “Nimemnyima mimi.” Akanikabidhi mfuko, akaniambia niwawahishie watoto kabla chakula hakijapoa, akarudi ndani kwa wageni.