Mti Ambao Hakuna Aliyeuleta Kutoka Ushago

Siku niliyomwona baba yangu akifurahi kuliko siku zote, mjukuu wangu, haikuwa ya harusi yangu wala ile aliyostaafu kazi ya reli. Ilikuwa Jumamosi moja kando ya mto kule Njiru, viatu vimejaa tope, ameshika fimbo na anacheka peke yake. Nakusimulia leo kwa sababu nasikia wewe na wenzako mnapanda miti mtoni hapa Mowlem wikendi hii. Tangu nisikie sijatulia, hata chai yangu imepoa mezani.

Wakati huo nilikuwa msichana wa rika lako, mdomo mwingi. Nyuma ya nyumba yetu, hapa hapa Mowlem, mto ulikuwa unamega ukingo kila masika. Ulikuwa umekula shamba dogo la sukuma wiki la mama, ukala nguzo za kamba ya nguo, na sasa ulikuwa umekaribia jikoni. Nyumba ile ndiyo ilikuwa jasho lote la baba, na hatukuwa na pengine pa kwenda. Mawingu yakikusanyika tu, mama alianza kufunga vyombo kwenye shuka.

Basi majirani wakakutana kwetu baada ya kanisa. Krismasi ilikuwa inakaribia na kila mtu alikuwa anaenda ushago, kijijini kwao, kwa hivyo wakakubaliana kila familia irudi na miche ya mti unaoaminika kwao. Tulipiga makofi. Nani angekataa wazo tamu namna hiyo?

Januari ikafika, watu wakarudi na ndizi, kuku na miche. Mama Njeri, jirani yetu fundi wa cherehani, alitoka Murang'a na mikima, ile miti iliyoletwa zamani kutoka ng'ambo na kupandwa kwenye mashamba ya chai na kahawa. Mwingine alileta mikaratusi. Mimi nilitoka Butere na miche ya siala, mti wetu wa kujengea wenye maua ya manjano, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, nimeupakata njia nzima kama mtoto. Nilimwambia Mama Njeri mbele za watu kwamba miti yake ni ya kigeni, yangu ndiyo ya Kenya.

"Na huo wako ulizaliwa Mowlem?" akaniuliza.

Wee, hapo moto ukawaka. Ilipofika saa ya chakula hatukuwa tunabishania miti tena, tulikuwa tunabishania nani katoka kwa watu wa maana. Baba alituacha tuchoke. Kisha akanitazama.

"Wewe, keti. Mnabishania kwenu, na mto wenyewe uko hapa," akasema. "Sisi wa reli, tuta la reli kando ya mto likianza kubomoka hatukimbilii mawe. Tunatembea na mto mpaka pale ambapo ukingo haujabomoka, tunaangalia ni nini kinaushika. Kesho kutwa tunaenda, wewe na Mama Njeri mkiwa mbele."

Nilinuna, sikufichi. Kutembea na Mama Njeri kutwa nzima ilikuwa adhabu. Tulishuka na mto kuelekea Njiru, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukipita kingo tupu zilizokatika wima. Udongo ni huu huu mweusi, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka.

Halafu tukafika mahali mto unapinda, na pale ukingo ulikuwa mzima kabisa. Chini kulikuwa na matete, juu migunga yenye shina la manjano, na katikati mkuyu mkubwa, mizizi yake imeshuka mpaka majini na kuukumbatia udongo. Baba alichomeka fimbo chini ya ile mizizi kwa nguvu zake zote. Haikuingia. Ndipo akaanza kucheka.

"Huu ni mukuyu," Mama Njeri akasema polepole. "Kwetu umejaa mtoni."

Hata kwetu Butere umejaa mtoni. Nimeteka maji chini yake utoto wangu wote. Tuliangaliana, mwanangu, tukashikana mikono kwa kicheko. Hakuna aliyekuwa ameuleta kwa sababu kwetu sote hakuna anayeupanda. Unajiotea tu, tukauona si kitu.

Tukaomba ruhusa kwa mwenye shamba, tukakata matawi ya mkuyu ya kuchomeka, tukaokota mbegu za mgunga za kuloweka, tukang'oa matete. Mimi na Mama Njeri tulirudi tumebeba mzigo mmoja, huku tukipanga kila mmea utakaa wapi.

Sitakudanganya, masika ya kwanza mto ulimega tena kidogo, na mama akafunga vyombo vyake. Lakini matawi yalichipuka. Miaka ikapita, ikaja ile mvua kubwa iliyohamisha watu wa ng'ambo ya pili. Asubuhi tulitoka mbio kuangalia nyuma ya nyumba. Ukingo ulikuwa palepale. Mama alizeekea ndani ya nyumba ile, na siku yake ilipofika tulimtoa kwa mlango wake mwenyewe kwenda kumzika.

Sasa jana ukaniambia, "Shosh, tumeahidiwa lori la mikaratusi, hizo zinamea chap chap." Najua inamea. Inakunywa maji pia, na chini yake nyasi hazina raha. Washukuruni wenye lori, kisha muwaombe wawaletee mikuyu na migunga. Wakikataa, ukingo wa Njiru bado upo, nitakuelekeza. Na asikudanganye mtu kwamba mti ukiwa wa Kenya basi umetosha. Ulizeni ni wa mto huu, wa udongo huu, na ulipozoea kusimama ni majini au ni juu pakavu. Kabla hujachimba shimo hata moja, tembea uone palipobaki pazima.

Mungu aitie nguvu migongo yenu, mwanangu, na mvua iwakute mmemaliza kupanda. Miti hiyo iwaone nyinyi mkiwa wazee, na watoto wenu wachezee kivulini bila kujua kwamba hapo palikuwa na hatari.