Siku Pikapu ya Muzee Saidi Ilipokataa Kuwaka

Nikikumbuka siku ile natamani kujifunika uso, na hata leo nikipita mtaani kwetu Biryogo na kisanduku changu cha spana kuna anayeniita "fundi" kwa sauti ya siku ile ile, nami naitika tu, maana nitasema nini. Naandika polepole (shule niliishia ya msingi), lakini nimeona heri niandike kuliko kusimulia, kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hukauka. Mtu akiniuliza neno hadharani hutingisha kichwa, na watu hudhani nimekubali.

Asubuhi ile jirani yetu Muzee Saidi alikuwa amefiwa na mkewe, Mama Zuhura, aliyefariki usiku hospitalini. Wote wawili tuliwajua kwa pikapu yao ya dizeli, kuukuu, waliyokwenda nayo Gahanga kila alfajiri kuchukua mboga za kuuza, yeye kwenye usukani na mama pembeni. Muzee alisema mkewe amepanda gari hiyo miaka yote ya ndoa yao, basi na safari ya kuzikwa aende nayo. Hakuomba kitu kingine. Sasa jeneza limeshatolewa nje, wanaume wamejaa kichochoroni na kanzu zao, na pikapu haiwaki.

Mtu akakumbuka kwamba mimi nafanya kazi garaji kule Rwezamenyo, nikaitwa. Muzee akaniuliza taratibu, "Mwana wangu, hii unaiweza?" Nikatingisha kichwa. Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwa sababu gari ya zamani namna ile sikuwahi kuigusa.

Nikawasha. Stata ilizunguka kwa nguvu, ila injini haikushika. Nikasema ni hita, zile plagi zinazopasha moto injini ya dizeli kabla haijawaka (nilisema hivyo kwa sababu wiki ile hita ndizo nilizokuwa nimefundishwa). Bosi wangu alikuwa amenionyesha pia kutazama ekzosi: ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika ila haishiki moto, shuku hita; moshi usipotoka kabisa, dizeli yenyewe haifiki. Nikatazama. Moshi haukutoka hata kidogo. Niliona kwa macho yangu, lakini neno hita nimeshalitamka mbele ya watu wote wale, na kulirudisha kulitaka nifungue mdomo tena, kwa hiyo nikaendelea kufungua hita, kusugua nyaya zake, kufunga, kuwasha, kufungua tena. Niliona pia kitufe cheusi chini ya dashibodi, upande wa abiria, kimevutwa nje na waya wake. Nilitaka kumuuliza Muzee ni cha nini. Alikuwa ameegemea mlango, macho ameyafumba, nikanyamaza.

Betri ikaisha. Nikawaomba tusukume, na wazee wenye heshima zao wakapandisha kanzu wakaweka mikono kwenye bodi, tukashuka nayo mteremko wote, mimi naachia klachi, gari inashtuka, inakataa, naachia tena, inakataa, matope ya mvua ya jana yanawarukia waliokuwa nyuma. Chini kabisa ikasimama, imeziba njia. Mmoja akajifuta kanzu akasema, "Fundi, sasa tusukume mpaka kule mbali Bugesera?" Wengine wakacheka kidogo, wakakumbuka msiba, wakaacha. Kule kuacha kuliniuma kuliko kicheko chenyewe.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Muzee akatazama juu kule jeneza lilipobaki, akasema, "Basi. Tutamubeba."

Wakambeba mabegani, wakipokezana, kupita hapo hapo pembeni ya pikapu mpaka msikitini, na kutoka msikitini mpaka makaburini. Kila mwanaume alishika jeneza isipokuwa mimi. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa oili, nikaogopa kuchafua shuka lililofunika jeneza, nikafuata nyuma.

Baada ya maziko nilimkuta Muzee amekaa peke yake kwenye usukani, kule kule chini. Nikasogea dirishani, nikauliza nilichopaswa kuuliza asubuhi.

"Muzee, hii gari huwa unaizima namna gani?"

Akatazama kile kitufe. "Ufunguo hauizimi. Navuta hiki, dizeli inakatika."

"Na kukirudisha?"

Akageukia kiti cha pembeni, kitupu. "Kurudisha ni yeye. Mimi navuta, yeye anarudisha mbele ya kushuka. Sijakirudisha hata siku moja."

Usiku walikwenda hospitalini wote wawili, mama akakirudisha kama kawaida; Muzee alirudi nyumbani peke yake, akakivuta, akashuka. Sasa akanyoosha mkono, akakisukuma ndani polepole. Jirani mmoja akatuazima betri ya teksi yake, na pikapu ikawaka kwa jaribio la kwanza, moshi ukatoka. Hakuna aliyenicheka. Muzee hakuondoka, aliiacha inaunguruma, mkono wake juu ya kiti cha pembeni.

Nimejiapiza kwamba sitafungua boneti ya mtu kabla sijamuuliza gari yake aliizima vipi na nani alikuwa naye, hata sauti ikitetemeka, hata wakinicheka. Muzee bado anasahau. Asubuhi nikisikia stata yake inazunguka bure kule kichochoroni, naenda, nafungua mlango wa abiria, nakirudisha kile kitufe, nafunga mlango.